Muhuri Usio na Pengo

16 Septemba

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na mgongo umekubali kile kiti bila mto. Mama alinipigia juzi, akasema goti limetulia na paka wa jirani amezalia ndani ya kabati la vyombo. Kwa hiyo nyumbani naona hakujaharibika kitu. Mimi huku ni mzima.

Nimepewa chumba ghorofa ya tatu. Vitanda viwili, kabati moja, mlango wa kabati nusu. Mwenzangu wa chumba tumembatiza Hakimu, kwa sababu hakuna kitu asichokitolea hukumu: chai ya kantini, viatu vyangu, namna ninavyokunja shuka. Ni mtu mwema. Ukumbi wa mihadhara una viti mia tatu na sisi wa mwaka wa kwanza wa sheria tuko mia tatu na arobaini, hivyo anayechelewa anaandikia kwenye ngazi. Vitabu vya kesi havitoki maktaba. Unakisomea pale pale, na anayekisubiri amesimama nyuma yako anakupumulia shingoni.

Watu wanaulizana siku ya kwanza umejisikiaje. Mimi nasema vizuri. Kusema kweli, Mjomba, sijisikii chochote. Ninaamka, ninaoga, ninaenda, ninaandika. Siku hii niliingoja tangu kidato cha pili, na ilipofika ikawa kama chafya iliyokuja puani ikarudi.

Sasa neno lenyewe. Siku ya kujiandikisha tulipewa fomu yenye maneno haya: ninathibitisha kuwa hati zote nilizowasilisha ni halisi. Nilitia sahihi. Kisha tukaambiwa hati zitakaguliwa moja moja, kazi itachukua miezi.

Nikaikumbuka ile Alhamisi. Maombi yanafungwa kesho yake, nakala ya cheti inatakiwa muhuri wa shule, shule iko likizo, na mwalimu mkuu kasafiri na ufunguo wa kabati. Wewe ulivua miwani, ukaifuta, ukasema, "Muhuri wa shule ile niliuchonga mimi. Nikiuchonga tena kosa liko wapi?" Saa kumi jioni ulikuwa tayari, na nakala yangu ikagongwa. Alama ni zangu, cheti ni changu. Lakini swali lako sikulijibu siku ile, na huku nimekuja kufundishwa kujibu maswali ya namna hiyo.

Uniandikie, usipige. Simu ya nyumbani anaishika mama.

Mpwa wako,
Kidole


2 Oktoba

Mheshimiwa Kidole,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Barua yako imenikuta na kazi ya ofisi ya mifugo, mihuri minne, kila mmoja na tarehe za kuzungusha. Mama yako hajambo. Wale paka sasa ni watano na amewahamishia kwenye kikapu chake cha nguo, huku akiapa kila asubuhi kwamba kesho wanaondoka.

Fundi saa wa mlango wa pili aliniuliza kwa nini mwanasheria mzima anaitwa Kidole. Nikamweleza kwamba ulipokuwa na miaka mitatu ulichovya kidole kwenye wino wangu ukagonga ukuta wote kuanzia mlangoni hadi dirishani, na hata daftari langu hukuliacha. Amecheka mpaka akaangusha kioo cha saa ya mteja.

Hilo la hati usilitie moyoni. Unajua nilivyo. Kila muhuri ninaouchonga naugonga kwanza kwenye daftari, naandika tarehe, ndipo mteja anauchukua. Siku ile nilifungua ukurasa wa shule yenu wa miaka kumi na saba iliyopita nikaufuata mstari kwa mstari: mduara wa nje, mduara wa ndani, kitabu kilichofunguliwa katikati. Ukiiweka mezani yote miwili, hata mimi niliyeizaa sitamjua mkubwa. Ule wa pili nilikwisha kuukata vipande na kuuchoma. Mpira ulinuka sana, mke wa fundi saa alifunga madirisha.

Na lile swali langu halikuwa swali. Mtu mzima akisema vile anataka unyamaze.

Soma. Kula. Hakimu mwambie mjomba wako naye anakunja shuka vibaya.

Mjomba


27 Oktoba

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za paka. Mimi ni mzima, nimepungua kidogo, Hakimu ameshatoa hukumu kuhusu hilo pia. Jaribio la kwanza nimepata alama nzuri. Niliitazama karatasi nikaikunja nikaiweka kwenye kitabu. Mwenzangu mmoja alipata chini yangu akapiga kigelegele hadi msimamizi wa maktaba akamtoa nje. Nilimwonea wivu, kile kigelegele hasa.

Wiki iliyopita tulifika kwenye kughushi. Mhadhiri alisema hati inaweza kuwa na ukweli mtupu ndani yake na bado ikawa ya kughushi, kwa sababu uongo wake uko kwenye nani aliyeitoa. Niliandika sentensi hiyo kwa mwandiko mzuri, nikaipigia mstari kwa rula. Baada ya siku mbili nikaitwa ofisi ya udahili.

Mkaguzi wa hati ni mama mmoja mwenye lenzi mkononi na chupa ya chai mezani. Haraka hana, ukali hana. Alisema kutoka shule yetu mwaka huu tumekuja watano, akazipanga nakala zetu kwa mstari. Nne zina pengo kwenye mduara wa nje, chini upande wa kushoto, kama mtoto aliyeng'oka jino. Yangu ina mduara kamili.

"Wako ni mzuri kuliko wa wenzako," akasema. "Ndio unaonitia shaka."

Nimepewa hadi tarehe 20 Novemba niandike maelezo: nani aligonga muhuri huu, wapi, lini. Nilisema asante. Nikashuka ngazi, nikaenda kantini, nikala chakula chote, na hadi sasa siwezi kukuambia kilikuwa nini.

Mjomba, hilo pengo ulilijua?

Kidole


12 Novemba

Mwanangu Kidole,

Salamu nyingi. Mama yako anakusalimu, hajui lolote, anadhani nakuandikia kukuhimiza kusoma.

Nilikwenda shuleni. Nilisingizia kwamba nazunguka kusafisha mihuri yangu ya zamani bila malipo. Yule mzee karani, yule anayetembea na mwavuli jua liwake mvua inyeshe, alinitolea kabatini. Nikaupindua. Pengo lipo, la upana wa punje ya mchele. Akasema aliuangusha kwenye saruji miaka kumi na moja iliyopita. Nikamwuliza mbona hukuniletea niurekebishe. Akasema, "Kwani hauandiki?"

Miaka kumi na moja, Kidole. Kazi yangu imezunguka na jino limeng'oka, imegongwa kwenye vyeti vya watoto wa watu, na hakuna aliyeniambia. Nilirudi nyumbani nimeudhika kuliko nilivyoogopa, nakiri. Na nikuambie jambo jingine. Hata kama ningejua, sidhani mkono ungekubali. Sijawahi kuchonga kitu kibovu kwa makusudi. Ningeuchonga mzima tu, nikajiambia hakuna atakayetazama.

Kuhusu maelezo, wewe ndiye msomi. Ukiandika jina langu sitakulaumu. Duka linaishi kwa kile kibali kilichoning'inia ukutani, unakijua, na dada yangu, mama yako, anakula hapo hapo tangu baba yako alipofariki. Lakini hayo usiyaweke kwenye mizani.

Fundi saa anauliza kama sheria inasema chochote kuhusu mke anayefunga madirisha.

Mjomba


20 Novemba

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Nimewajibu leo asubuhi, ukurasa mmoja. Jina lako halimo. Usiniulize kilichomo.

Msalimie mama.

Kidole


15 Desemba

Mpwa wangu,

Marahaba ya barua iliyopita. Nimechelewa kujibu na sababu utaiona.

Chuo chenu kiliiandikia shule. Kwamba mwanafunzi ameeleza kuwa nakala yake iligongwa na karani, shuleni, wakati wa likizo, na kwamba muhuri huo si wa shule. Waliuliza karani ameutoa wapi. Bodi haikuuliza mara mbili. Mzee amesimamishwa kazi, amekabidhi funguo baada ya miaka ishirini na sita.

Nilimwona akipita mbele ya duka. Mwavuli kwapani, mkononi kikombe chake cha ofisini na kalenda ya ukutani ameikunja. Akaingia. Akakaa kwenye benchi la wateja, pale pale ulipokaa wewe. Akaniuliza taratibu, "Fundi, kuna muhuri mwingine wa shule yetu duniani?"

Nikamwambia sijui. Nikamkaribisha chai, nikamtilia sukari vijiko vitatu. Akanywa yote, akashukuru, akaenda zake.

Siku nne sikushika kisu. Wateja niliwaambia macho yananiuma. Siku ya tano nililifungua daftari, nikaukata ule ukurasa wa shule yenu, mimi ambaye sijawahi kuruhusu mtu hata akunje ncha. Nikauweka kwenye bahasha pamoja na barua ya kurasa mbili kwa mkaguzi wenu. Nimeandika kwamba ni mimi niliyechonga na mimi niliyegonga, na karani hakuhusika hata kwa kidole. Samahani kwa neno hilo, limenitoka.

Sikuulizi ni nani aliyemtaja mzee wa watu.

Mama yako hajambo. Paka mmoja amebaki, wanne wamechukuliwa.

Mjomba


9 Januari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sikuja likizo kama ulivyoona. Mama nilimwambia nina masomo. Mabweni yalibaki matupu, nikawa nasikia mabomba ya maji tu. Nililala sana.

Uliamua kutoniuliza, nami nimekaa na barua yako wiki tatu nikitafuta namna ya kukuacha usiulize. Ni mimi. Niliandika kwamba karani alinigongea, na kwamba sikumbuki alikuwa na muhuri gani. Jina lake sikuliandika, lakini shule ile karani ni mmoja.

Jana niliitwa kwenye kamati ya nidhamu. Watu watatu, meza ndefu, feni inayozunguka upande mmoja. Waliweka maelezo yangu na barua yako ubavu kwa ubavu. Mwenyekiti akauliza ipi ni ya kweli. Nikasema ya mjomba. Akaniuliza kwa nini nilimtaja karani.

Nilikuwa nimeandaa jibu. Nilitaka kusema nilikuwa ninamlinda mtu aliyenilea. Ni kweli, na lingesikika vizuri. Lakini alikuwa amekwisha kunitazama muda mrefu, na kikatoka kile kilichokuwa chini yake: "Nilimchagua kwa sababu sikumwogopa." Nilidhani ni mzee, yuko karibu kustaafu, hakuna atakayemfuatilia. Mwenyekiti aliandika sentensi hiyo. Niliona kalamu yake ikienda hadi mwisho wa mstari.

Kisha mkaguzi, yule mama wa lenzi, akaomba kusema. Alisema mwaka huu walikuwa na wanafunzi watatu wenye matatizo ya mihuri. Walioeleza ukweli walipewa onyo na mwezi mmoja kuleta nakala nyingine. Wako darasani hadi leo. "Muhuri tungeusamehe," akaniambia. "Maelezo haya ndiyo siyawezi."

Wataamua Februari. Nilipotoka nilijifinya ngozi ya mkono. Nilisikia kwamba nafinywa, basi. Hakimu amerudi kutoka kwao. Nilimweleza yote, na kwa mara ya kwanza hakuhukumu. Alinikunjia shuka.

Karani nimemwandikia barua mara tano na kuzichana mara tano.

Kidole


3 Februari

Kidole, mwanangu,

Salamu. Nikuanzie na mzee. Amerudishwa kazini tangu Jumatatu iliyopita, na barua ya kuombwa radhi ameitundika karibu na kalenda. Kabla ya hapo nilikwenda kwake mwenyewe. Nilisema yote ya upande wangu nimesimama mlangoni. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu: sukari ile ya vijiko vitatu ilikuwa ukarimu au aibu. Nikamwambia aibu. Akasema alijua, kwa sababu mimi siku zote namtilia kimoja.

La kwako sikumwambia. Hilo si langu kulisema.

La pili, walikuja wawili kutoka ofisi ya leseni, wapole, wakakishusha kibali ukutani. Onyo kali, faini, na mihuri ya ofisi sitachonga tena. Pamebaki alama ya mraba, rangi pale ni mpya kuliko ukuta wote. Naruhusiwa vibao vya milango na majina ya maduka. Fundi saa kanipa kazi ya kibao chake kipya, ameniomba saa iliyochorwa iwe inaonyesha saa sita kamili ili mkewe asiseme amechelewa. Tutaishi. Ulipotaka kunificha ulinificha vibaya, na mimi nilipotaka kukusaidia nilikusaidia vibaya. Naona tumefanana.

La tatu, mama yako anajua. Nilimweleza jikoni. Siku mbili hakusema na mtu. Siku ya tatu aliuliza kama unakula.

Humu ndani kuna nakala nyingine ya cheti chako. Niliipeleka shuleni mchana, mlango mkuu, kama kila mzazi. Mzee aliitandaza, akalisoma jina mara mbili. Nadhani ameshajua mwenyewe ni nani aliyemtaja. Kisha akachovya wino akagonga, akaipulizia ikauke. Pengo lipo. Nimelitazama sana, Kidole. Ni baya, na siwezi kulitetea kwa fundi yeyote. Ila huo ndio muhuri wa shule.

Utuandikie wote wawili sasa, hakuna siri tena.

Mjomba


24 Februari

Mjomba mpendwa, na Mama uliyeketi karibu naye,

Shikamooni. Natumaini goti, mgongo na paka wote ni wazima. Mama, ninakula.

Uamuzi umetoka. Nimeondolewa chuoni. Ninaruhusiwa kuomba upya kwa Septemba, kuanzia mwaka wa kwanza tena, bila ahadi yoyote. Barua ina mistari sita. Niliisoma kwenye korido, nikaikunja, nikasema nitalia nikifika chumbani, kwa kuwa nilijua sitalia. Chumbani nikaanza kupanga vitu. Miezi sita yote imeingia kwenye begi moja na mfuko.

Kisha mkaguzi akaniita kaunta yake kutia sahihi ya kuchukua hati zangu. Akanirudishia na ule ukurasa wa daftari lako. Alikuwa ameuweka kwenye mfuko wa plastiki, katikati ya kadibodi mbili, usikunjike ncha. Sikuwahi kuutazama vizuri. Muhuri wa shule uko katikati, mzima, na tarehe kwa mwandiko wako. Pembeni kuna alama ya kidole kidogo cha mtoto, wino wa bluu.

Nililia pale, Mjomba. Mbele ya foleni ya watu kumi na wanne, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mkaguzi alifunga kidirisha chake, akazunguka akaja upande wangu, akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Hakuniambia nyamaza. Nililia kwa ajili ya kiti changu ukumbini, na ukuta wako wenye mraba, na kikombe cha yule mzee akipita nacho barabarani. Iliuma kila mahali kwa pamoja, kama mguu uliokaliwa unapoanza kuamka. Nilipomaliza alinipa fomu mpya ya maombi, akasema hiyo haihitaji kungoja Septemba.

Ninafika Ijumaa mchana. Msije kunipokea. Nitaanzia kwa mzee karani, na sitatuma barua, nitabisha hodi. Nitasema ni mimi nilimchagua, na kwa nini. Akinifukuza nitakuja nyumbani, asiponifukuza nitachelewa kidogo. Ukurasa wako nitaubandika mwenyewe, unionyeshe gundi tu.

Fomu nimeijaza yote isipokuwa sehemu moja. Swali la kumi na mbili linasema: umewahi kuondolewa katika chuo chochote? Kama ndiyo, eleza. Wameacha mistari mitatu.

Nimekwenda kuomba karatasi ya ziada.

Kidole